Baba Aliyechorwa Mdogo Kuliko Jagi

Kwaru, kwaru. Alfajiri, giza bado limetanda, na jikoni kuna kitu kinaparuza mti.

"Panya hao?" mume anauliza kutoka chumbani.

"Panya gani anachonga penseli? Lala, baba," mkewe anamjibu.

Watoto wa mtaa humwita mwanamke huyu Mama Penseli. Siku za kazi anashona sare za shule. Jumamosi anaisukuma cherehani ukutani, anawafundisha kuchora vitu vya karibu na vya mbali. Ada ni penseli moja. Asiye nayo huikuta imechongwa, wala haulizwi kitu.

Lakini mtaa una macho. Watoto walipoanza kuchora vyumba vyao mpaka kona za ndani, minong'ono ilianza: "Anatafuta nini majumbani mwetu?" Jirani mmoja huchungulia dirishani hadi leo, akisingizia kutafuta kuku.

Leo, Jumamosi, dereva wa lori anaingia bila hodi, mchoro wa binti yake mkononi.

"Fundi, hii nini? Jagi kama pipa! Mke wangu kajaa tele. Mimi je? Nzi, kule juu! Mama yake huyu mtoto amekwambia nini juu yangu?"

"Hajaniambia neno, shemeji."

"Mnanificha. Basi mtoto haji tena hapa."

Binti, aliyekaa kati ya watoto wanaochora, anainamisha kichwa. Penseli zote zinatulia.

Mama Penseli anamvutia mgeni kiti, anampa maji. Kisha anamwonyesha lori lake, limeegeshwa mwisho wa barabara.

"Fumba jicho moja. Inua kidole gumba usawa wa lori. Unaliona?"

Dereva anafumba. Anashuku, anabadilisha jicho. "Kidole kimelifunika."

"Limepungua?"

"Lori langu? Hata msumari haujapungua!"

Watoto wanaangua kicheko. Yeye hacheki. Anamgeukia binti yake. "Kwa nini ukaniweka mbali, mama?"

"Ulikuwa njiani unakuja, baba. Tulikuwa tunakungoja tule."

Anaitazama tena karatasi. "Na sahani hii tupu, kubwa hivi?"

"Yako."

Anakunywa maji yote, taratibu.

Mama Penseli anasema anatamani kuezeka uwani, mbele ya nyumba, watoto wakae wakiiona barabara yote. Dereva anatupia jicho uwani, anasema ana turubai kuukuu ndani ya lori. Halafu anamrudishia binti mchoro.

"Lakini hilo jagi bado nina mashaka nalo."

Binti anamshika mkono. "Basi njoo tena Jumamosi ijayo, baba. Nitakuchora umesimama hapa mlangoni. Utajaa karatasi nzima."