Mama Alinililia Msiba Nikiwa Hai Gerezani

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa naishi Sharpstown, hapa Houston. Nimetoka gerezani majuzi tu. Kosa nililifanya na adhabu nimeitumikia, hilo sijaja kulitetea.

Gereza lenyewe ni la wanaume, liko mashambani mbali na mji. Ni shamba hasa. Pamba na mboga mpaka macho yachoke, sisi na majembe, askari juu ya farasi, jua la Texas utosini, na mshahara hakuna. Mzee mmoja Mmarekani mweusi niliyekaa naye selo moja aliniambia zamani pale walilima watumwa. Utumwa ulipokwisha, wenye shamba wakawa wanakodishiwa wafungwa, baadaye serikali ikalinunua ikajenga gereza. "Babu zangu walilima hapa hapa," alisema, akaendelea kukunja shuka lake. Alipofariki hakuna ndugu aliyekuja kumchukua. Walimzika makaburi ya gereza. Siku ile niliogopa sana, ila nikajipa moyo kwamba mimi Mama yupo Kigoma, ananiombea.

Maana siku niliyofungwa, mdogo wangu anayekaa Grand Prairie, hapa hapa Texas, aliniambia, "Kaka, Mama niachie mimi. Nitamweleza taratibu." Na kila alipokuja kunitembelea alileta salamu: "Mama anasema ule vizuri, usigombane na watu." Jamani, zile salamu ndizo zilizonivusha.

Nilipotoka nikaomba namba ya Mama. Mara simu yake imeharibika, mara amesafiri. Jumapili moja, baada ya misa, mama mmoja tuliyekaa naye kambini akaniona, akapiga kelele, akashika ukuta. "Wewe si tulikulilia? Mama yako si alinyoa nywele!"

Nilimwendea mdogo wangu kwake. Hakukataa.

"Ningemwambia nini, kaka? Kwamba mtoto wake aliyekwenda Marekani ni mfungwa? Watu wangemcheka mpaka anaingia kaburini. Nikasema umepata ajali, alie mara moja yaishe."

"Na zile salamu?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nazitunga mwenyewe. Nilitaka upate nguvu."

Sikumpiga. Niliinuka niondoke. Nikiwa mlangoni akasema, "Mama ana presha, kaka. Ukimpigia utamuua. Tuache hivi hivi."

Yule mama wa kambini amenitafutia namba ya Mama, ninayo. Ameniambia pia kwamba Jumamosi hii Mama anasomesha misa ya kumwombea marehemu mwanawe, kama anavyofanya kila mwaka. Nikipiga, naogopa sauti yangu itamwangusha. Nisipopiga, atapiga magoti kuniombea pumziko la milele na mimi niko hapa nakunywa chai.

Ndugu zangu, ingekuwa ni mama yako, ungefanyaje? Nisaidieni kabla ya Jumamosi.