Mmiliki wa Bosi

Walimwita Dada Mapokezi, ingawa alikwisha kutimiza miaka hamsini na minne. Jina alilipata siku yake ya kwanza kwenye kliniki ya wanyama, akazeeka nalo, na daktari aliyekuja juzijuzi, mdogo kuliko mwanawe wa kwanza, naye alimwita hivyohivyo bila haya. Hakujali. Mnyama akiingia, alimpitishia mashine ya kusomea shingoni, mashine ikalia, na kwenye kompyuta zikatokea habari zote za chipu iliyofichwa chini ya ngozi: jina la mnyama, chanjo zake, mwenyewe ni nani na namba yake ya simu. Chipu yenyewe haizidi punje ya mchele. Wateja wengi hudhani inaonyesha mnyama alipo, na Dada Mapokezi alikuwa amechoka kuwaeleza kwamba haionyeshi lolote ila nani ni wa nani.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwafungulia wateja, alimleta paka wa nyumbani kwake ndani ya kikapu na kumpitishia mashine. Paka aliitwa Bosi, na tabia zake zilifanana na jina. Kompyuta ilisema: Bosi, dume, kijivu. Mmiliki: Kitinda. Hali ya mmiliki: yupo.

Kitinda alikuwa binti yake wa mwisho, na walimzika miaka mitatu iliyopita. Homa ya siku nne tu. Chipu aliiandikisha Kitinda mwenyewe kwa jina lake la utani, maana mtoto yule hakuwahi kuheshimu fomu yoyote. Kubadilisha jina la mmiliki ni kazi ya dakika mbili. Dada Mapokezi aliwafanyia mamia ya watu, wajane kwa ndugu waliogombea mbwa, akawapa na pole juu. Faili la Bosi hakuligusa. Alikaa akalisoma lile neno moja, yupo, mpaka mtu apige hodi.

Nyumbani mambo yalizidi, kwa kuwa Bosi naye hakukubali. Saa kumi na moja jioni, saa ambayo Kitinda alizoea kurudi kutoka kazini, aliketi akiutazama mlango. Mara nyingine aliinuka ghafla, mkia juu, akazunguka mahali patupu akijisugua, kama afanyavyo paka kwenye miguu ya mtu wake. Dada Mapokezi akaanza kusogeza kiti.

"Mama, unampisha nani?" mumewe aliuliza.

"Paka."

"Paka si yuko kule?"

Akakisogeza kiti tena. Mzee hakuuliza tena. Yeye mwenyewe alikwisha kuacha kupita karibu na mlango ule jioni.

Kisha figo za Bosi zikashindwa. Alikonda, akagoma kula, akawa analia kwa sauti ya chini mchana kutwa. Daktari alimpima mara tatu na hakuzungusha maneno.

"Dada, anateseka. Tukimchelewesha, tunajihurumia sisi tu."

Maneno hayo yalimchoma, hasa kwa kutoka kwa mtu mwenye ndevu za kuhesabika.

Alijua kinachofuata. Mnyama akidungwa sindano ya mwisho, faili hufungwa, na jina la mwenyewe huondoka nalo. Tena kliniki hiyo ilikuwa na utaratibu wake, uliotungwa baada ya mbwa wawili weusi kubadilishwa meza, akafa yule aliyeletwa kukatwa kucha. Daktari husoma chipu kwa sauti, hutaja jina la mmiliki mara mbili, na mmiliki hujibu. Bila jibu, sindano haiguswi. Aliyeutunga utaratibu huo ni Dada Mapokezi mwenyewe.

Ijumaa saa nne asubuhi, mumewe alikuja amevaa shati la kutokea. Bosi alilazwa juu ya taulo. Daktari alishika mashine, akasita.

"Dada, paka huyu tunamjua sote. Hii tuiruke tu."

"Huruki kitu. Ukiruka leo kwa ajili yangu, kesho utaruka kwa mwingine."

Mashine ikalia.

"Bosi, dume, kijivu," daktari alisoma. "Mmiliki, Kitinda."

Paka, ambaye tangu jana hakuwa ameinua kichwa, alisimamisha masikio na kugeuka kutazama mlangoni. Mzee akageuka pia. Dada Mapokezi alihisi shingo ikimvuta. Alijua, bila chembe ya shaka, kwamba akitazama atamwona mwanawe amesimama pale, na akimwona, akili zake hazitatoka naye chumbani humo. Aliogopa mno. Alitamani mno. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Angeweza kusema "nipo" tu, daktari angeelewa na mambo yangekwisha.

"Mmiliki, Kitinda," daktari alirudia polepole.

"Hayupo." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aseme tena. "Hayupo. Mwanangu alikufa. Mimi ni mama yake."

Nyuma yake mzee aliangua kilio ambacho hata makaburini hakukilia. Bosi alilaza masikio, akaacha kuutazama mlango.