Vitangi Sita vya Moshi

Mpaka leo nikinusa mafuta ya mbarika nakasirika. Siyakasirikii mafuta. Najikasirikia mwenyewe.

Ilikuwa Kisauni, siku zile ambazo kila baraza ilikuwa na mtu wa kukueleza uhuru utakuja lini. Mimi nilikuwa fundi wa redio. Babangu alikuwa fundi wa mashua, lakini tezo alikwisha kuiweka chini kwa sababu mato yake, kama alivyoyaita mwenyewe, yalikuwa yakimwacha. Tabibu wa mjini alimwambia waziwazi: mishipa ya macho inakufa, dawa hana, labda miezi mitatu. Baba aliporudi nyumbani hakulia. Aliniita, nikaitika labeka, akasema, "Nitachonga motaboti ndogo. Wewe utie injini, na hiyo redio yako iiongoze bila ya mtu ndani. Nataka niione ikikimbia kabla haya mato hayajafunga. Basi, sina jengine."

Akaichonga kwa kupapasa zaidi kuliko kutazama, mvule mtupu, urefu wa mkono wangu, na wallahi sijaona chombo kizuri kama kile. Nami nikaagiza injini kwa posta kutoka Ulaya. Ilikuja ndani ya kijisanduku, haizidi chungwa kwa ukubwa, pamoja na karatasi ya maagizo. Karatasi ile ndiyo iliyoniharibia kila kitu. Ilisema injini mpya haikimbizwi. Vitangi sita vya mwanzo iende polepole, ikinyweshwa spiriti na mafuta ya mbarika kwa wingi mpaka iyateme, na kila kitangi kikiisha iachwe ipoe kabisa.

Nikaifunga kwenye meza ya Baba ya useremala pale uani, na pangaboi ya mbao mbele yake ya kuipoza. Kuiwasha ilikuwa adhabu. Unazungusha pangaboi kwa kidole, inakohoa, inazima. Unazungusha tena, inarudi kinyume na kukupiga ukucha mpaka unatukana. Ikikubali kuwaka, moshi unajaa ua mzima na nguo alizoanika mama zinanuka dawa ya kuharisha.

"Injini gani hii inayokunywa haluli?" mama aliniuliza. Sikuwa na hamu ya kucheka.

Siku tatu nzima nilipata kitangi kimoja tu. Baba alikaa kwenye mkeka ubavuni pangu, shingo ameitoa mbele.

"Ipandishe kasi," akasema.

"Haijawa tayari, Baba."

"Itakuwa tayari lini? Naona uhuru utafika mbele ya chombo chako."

Nikamjibu kwa jeuri ambayo sipendi kuikumbuka. "Si wewe uliyenifunza kuwa mashua mpya haitwekwi tanga mpaka mbao zishibe maji? Si ulinikalisha pwani siku tisa naitazama imelala tu? Basi nawe ngoja."

Ilikuwa kweli, ndivyo alivyotufunza sote.

Kitangi cha pili, cha tatu, cha nne. Kila siku aliusogeza mkeka karibu zaidi na meza. Nilidhani anapenda kunisumbua.

Siku moja nimerudi kutoka kazini, nikajaza kitangi cha tano. Nilisikia harufu ya sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mashua, nikadhani ni yeye tu, kwa maana harufu ile haikutoka kwenye nguo zake tangu nizaliwe. Injini ikawaka, ikafuka moshi mweusi, ikalia mara moja na kukwama kabisa.

"Nani ametia mkono hapa?" nikapiga kelele.

"Mimi," Baba akasema, uso umemchangamka. "Nimeongeza sifa kwenye chupa yako. Naisikia inakwaruza, maskini, ni kavu." Maishani mwake kila kilichokwama kilitibiwa kwa sifa: mbao, bawaba, hata magoti yake.

Nikamkaripia. Mtu mzima, babangu mzazi, nikamkaripia mpaka majirani wakanyamaza kutusikiliza. "Umeiua! Huna subira hata ya mtoto mdogo!"

Hakujitetea. "Nimekosa, mwanangu," akasema. "Nina haraka." Kisha akakunja mkeka wake na kuingia ndani.

Kuifungua injini, kuikwangua gundi iliyoganda kwenye pistoni, na kungojea plagi mpya ije kwa meli, yote hayo yalikula wiki nyingi. Na mimi, kwa kiburi changu, nikaanza upya: kitangi cha kwanza, cha pili. Ningaliweza kuipeleka majini vivyo hivyo. Ingalikimbia dakika kumi ikafa, na dakika kumi zingalimtosha. Lakini mimi nilitaka injini iliyo sawa. Baba hakuja tena na mkeka, nami nikafurahi kwamba nimepata nafasi ya kufanya kazi.

Kitangi cha sita kilipokwisha nikaifunga injini na redio ndani ya motaboti, nikamshika Baba mkono, tukaenda kwenye machimbo ya mawe upande wa Mishomoroni, yaliyokuwa yamejaa maji ya mvua. Nikamkalisha ukingoni. Injini ikawaka kwa mzunguko mmoja tu, mshenzi yule, kama kwamba haijawahi kunitesa. Nikaiachia. Motaboti ikainua pua, ikayapasua maji, na sauti ikagonga kuta za mawe na kurudi kutoka kila upande. Nikapiga vigelegele kama mwanamke wa harusini.

Kisha nikamtazama Baba. Alikuwa akigeuza kichwa huku na huku.

"Naiona," akasema. "Mashallah. Ndiyo ile pale." Akanyoosha kidole kwenye kona ya machimbo ambako hakukuwa na kitu ila maji.

Nikabonyeza kitufe cha redio, nikaigeuza motaboti, nikaipeleka kule kilikoelekea kidole chake.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Hapo hapo unapoonyesha."

Hakukishusha kidole mpaka mafuta yalipokwisha, nami nikaizungusha pale pale muda wote.