Wimbo Ulioishia Ihumwa

Tuliokuwepo siku ile ni hawa. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, tumbo moja, ambaye ndiye aliyekuwa na msiba. Mama yangu mwenyewe, aliyepiga ngoma kubwa. Shangazi yake kaka, yaani dada wa mume wa mama mkubwa, aliyekuwa na kazi yake peke yake nitakayoieleza. Mwanamume mmoja wa kijiji cha jirani, aliyefanya kazi ya reli pamoja na kaka na ndiye aliyerudi na habari. Binamu yangu wa kike, mtoto wa mjomba, tuliyelingana naye umri. Mimi. Na askari wawili wa boma, wageni wa jumbe, ambao hawakuwa ndugu wa mtu yeyote pale.

Wengine walikuwa watu wa kijiji. Ningeweza kuwataja mmoja mmoja, kwa majina yao na ya baba zao, na alipokaa kila mmoja. Majina hayajanitoka. Ila siyaandiki, kwa sababu wajukuu wao wapo, na wengine tunachota maji bomba moja hapa Chang'ombe.

Huyo ninayemwita kaka alikuwa mtoto wa mama mkubwa. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni ndugu yako, hakuna neno la kumsogeza mbali zaidi ya hapo. Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ikiwa bado njiani kutoka pwani kuja kwetu. Jumbe aliambiwa atoe watu, akatoa watu, na kaka alikuwa mmojawapo. Mvua zikanyesha mara mbili hajarudi. Kiangazi cha pili akaja yule mwanamume, amebeba blanketi la kaka na kisu chake. Akasema kaka alishikwa na homa Kidete, akafa siku ya tatu, wakamzika kando ya tuta la reli watu ambao hata jina lake hawakulijua vizuri. Mama mkubwa akalipokea blanketi, akalikunja, akamuuliza yule mwanamume, "Ulirudi kwa njia gani?" Hakuuliza kitu kingine.

Alikuwa na sababu. Katika ukoo wa mume wake, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huimbiwa njia. Mama yake husimama mbele ya mlango, wanawake wakiwa nyuma yake na ngoma wamezibana mapajani, naye huitaja njia mahali kwa mahali, kuanzia alikolazwa hadi mlangoni kwake. Kila mahali ngoma hupigwa, mama huuliza, "Umefika?", wanawake humwitikia kwa niaba ya maiti kwa mvumo wa chini, na mama akiridhika moyoni kwamba amefika, hutaja mahali panapofuata. Wimbo huo hauna utamu na hauchezeki. Ukifika mlangoni, dada wa baba yake marehemu hupiga kigelegele kimoja kirefu. Hicho ndicho kinachofunga. Kikishapigwa hakuna anayeongeza neno, ngoma huwekwa chini, pombe hufunuliwa. Na mtu huimbiwa mara moja tu. Wazee walisema ukimwita mara ya pili ataona kwamba mara ya kwanza mlimdanganya.

Basi siku ikapangwa, uwele ukapondwa, pombe ikapikwa. Walianza jua likiwa limeinama kidogo. Mimi na binamu yangu tulipanda juu ya paa la tembe pamoja na watoto wengine, tukakaa ukingoni miguu ikining'inia. Kila tulipojisogeza udongo ulidondoka, na mama mmoja aliyekaa chini yetu alikuwa akijipangusa kichwa na kutuangalia. Hatukuacha.

Mama mkubwa akaanza, Kidete. Alikaa Kidete muda mrefu sana, nadhani kwa sababu ndiko kaburi liliko. Godegode. Gulwe. Mwanzoni watu walinyamaza vizuri. Kufika Gulwe nikaona wanaume upande wa zizi wameanza kuongea juu ya mtamba aliyepotea, nani alimwona mara ya mwisho na alikuwa anaelekea wapi. Wanawake wawili walikuwa wanabangua karanga na kutemeana maganda. Mtu akafungulia ndama, ndama wakapita katikati ya wapiga ngoma wakitafuta mama zao, na mama yangu akawa anapiga huku anawasukuma kwa goti.

Askari mmoja akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Mama, ngoma hii haina mguu. Piga ya kucheza."

Mzee aliyekaa karibu yake akamwambia, "Subiri, bwana. Kuna mtu anatembea."

"Anatembea kwa magoti?"

Watu wakacheka. Ninaandika hili kwa sababu baadaye watu wote walisema ni askari walioharibu. Askari alitania, waliocheka ni sisi. Hata yule mzee alicheka, akaufunika mdomo kwa mkono.

Msagali. Igandu. Sauti ya mama mkubwa ilikuwa imeanza kukwaruza, na baina ya mahali na mahali alikuwa anasimama kuvuta pumzi, na kila akisimama, minong'ono ilipanda. Harufu ya pombe ilikuwa imetoka ndani. Mtu akasema, "Si ataje Kikombo na Ihumwa pamoja, ni karibu." Mwingine akasema, "Mpeni maji akaze mwendo." Mama mkubwa hakugeuka. Macho yake yalikuwa njiani, upande wa mawio.

Binamu yangu akanisukuma kwa bega. "Akifika huyu, mimi nitakuwa nimeng'oka meno, hakuna wa kunioa."

"Nyamaza."

"Wanasema wewe una sauti. Mimi nimekusikia ukiita ndama tu."

"Utaisikia siku ya harusi yako."

"Kumbe mpaka nisubiri hiyo harusi. Sema tu huwezi. Koo lako ni la kanga, linakwaruza halipandi."

Na ni kweli nilikuwa nasifiwa sauti. Kwenye mavuno, wanawake wakubwa walikuwa wakisema, mtoto huyu akipiga kigelegele mtu wa kilima cha pili anageuka. Nilikuwa nimeanza kuota maziwa. Nilitaka kuonekana.

Kikombo ikapita. Mama mkubwa akataja Ihumwa. Ngoma zikapigwa, akauliza, "Umefika?", wanawake wakavuma. Halafu akanyamaza. Ngoma nazo zikanyamaza kumsubiri. Ulikuwa ukimya mrefu kuliko mwingine wote, na nadhani alikuwa analia, maana Ihumwa kutoka kwetu ni mwendo wa kuondoka alfajiri na kufika jua halijawa kali. Mtoto wake alikuwa amekaribia nyumbani.

Katika ukimya ule nikapiga kigelegele.

Ningependa kuandika kwamba nilidhani wimbo umekwisha. Nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote. Nilijua haujaisha. Nilijua mlango haujatajwa. Nilipiga kwa sababu palikuwa kimya na binamu alikuwa ananitazama.

Kutoka juu ya tembe sauti ile ilienda mbali. Na kabla haijakatika, mwanamke mmoja chini akaipokea, na wa pili, na wa tatu, uwanja mzima, vigelegele vya watu waliochoka kukaa. Wanaume wakasimama wakijinyoosha. Mtungi ukafunuliwa, na askari wawili ndio waliopokea kata ya kwanza. Yote hayo yalifanyika kwa muda wa mtu kufunga nguo kiunoni.

Shangazi yake kaka alikuwa amesimama pale pale, mdomo wazi. Hakuwa ametoa sauti.

Mama mkubwa aliendelea kuitazama njia. Midomo yake ilikuwa inatembea, anataja mahali panapofuata, lakini hakuna ngoma iliyomjibu. Mwishowe akageuka.

"Nani kafunga?"

Binamu akaangalia miguu yake. Mama yangu aliijua sauti yangu kama alivyoijua kengele ya ng'ombe wake. Aliiweka ngoma chini taratibu, akasema, "Ni mmoja wa watoto, dada."

"Tuendelee basi," mama mkubwa akasema. "Amebakisha kidogo tu."

Shangazi akamshika mkono. "Wifi, mimi siwezi kufunga mara ya pili. Amesikia kigelegele, ameona watu wanakunywa. Atajua kwamba pale ndipo tulipotaka akae."

"Pale wapi?"

"Pale alipokuwa."

Mama mkubwa akaketi chini, mbele ya mlango wake. Akasema, si kwa mtu fulani, "Basi yuko Ihumwa." Watu walikuwa wanakunywa na kuongea, na askari wakapata ngoma yao ya kucheza.

Hakuna aliyenichapa. Siku ya tatu mama mkubwa alijaza kibuyu maji na kushika njia ya Ihumwa. Mama yangu akaniita. "Nenda naye. Ubebe wewe." Maneno yake yote juu ya jambo hili ni hayo, hadi anakufa.

Tukawa tunakwenda kila baada ya siku chache. Kabla ya kufika kwenye nyumba za watu wa Ihumwa kulikuwa na mgunga kando ya njia, na mama mkubwa aliamua kwamba ni pale. Alimwaga maji, akamsimulia habari za nyumbani: ng'ombe fulani amezaa, paa limevuja, mdogo wake ameota jino. Akimaliza alinyamaza kama anayesikiliza. Mimi nilisimama nyuma yake, na nitasema nilichokuwa nakihisi. Nilihisi kuna mtu upande wa pili wa mti anayesubiri niondoke. Hakuwa akimsubiri mama yake aondoke, ni mimi.

Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, wewe una macho mazuri. Unamwona?"

Nilitaka kumfurahisha. "Namwona, mama mkubwa."

"Amevaa nini?"

"Blanketi lake."

"Blanketi lake liko kwangu, mwanangu," akasema. Hakuninunia. Lakini safari iliyofuata alikuja nalo, akalikunja chini ya mgunga, akaliacha. Tuliporudi tena halikuwepo. Yeye alifurahi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile alitembea mbele yangu akiongea. Mimi nilijua njia ile ilikuwa na wapita njia wengi, na wanaopima reli walikuwa wameshafika. Nilijua, na bado nikaogopa zaidi.

Halafu reli yenyewe ikafika. Mgunga ukakatwa, tuta likapita juu ya mahali petu. Kulikuwa na kambi ya vibarua, moshi, nyundo kutwa nzima. Mama mkubwa alisimama mbali kidogo na kibuyu chake, hajui amwage wapi. Kati ya vibarua alikuwepo mtu mmoja amejifunika blanketi, ametupa mgongo, na pembeni mwa blanketi palikuwa na ushono wa uzi mwekundu. Mama mkubwa ndiye aliyeshona ushono ule.

Akamwita kwa jina la kaka. Mara moja, kwa upole, kama unavyomwita mtu aliyelala.

Yule mtu hakugeuka. Alichukua karai lake akaenda zake nyuma ya lundo la mataruma, wala hatukumwona tena ingawa tulisubiri. Mama mkubwa akaniambia, "Umeona. Anasikia, lakini ameambiwa hapa ndipo mwisho." Nikamwambia, mama mkubwa, yule ni kibarua tu, ameokota blanketi. Akanitazama kwa huruma. "Wewe ulishasema unamwona," akasema.

Hakwenda tena Ihumwa baada ya siku hiyo. Miguu ilivimba, akawa mtu wa ndani. Bado zilikuwa zama za Wajerumani, vita haijaanza, aliponiita nikae naye peke yangu asubuhi moja. Nilikuwa nimeshaposwa. Akasema, "Mimi njia nilikuwa nayo yote kichwani. Sasa nakupa iliyobaki. Siku ukipata nafasi, mlete." Kwa hiyo alikuwa anajua. Alijua tangu siku ile, alijua safari zote zile nilipombebea maji.

Akanipa njia. Kutoka Ihumwa kuna njia mbili za kufika kwetu, ya chini inayokata korongo la mchanga na ya juu inayopita kwenye mawe. Baada ya hapo zinakutana kwenye kisima cha ng'ombe, kisha ua wa minyaa, kisha mlango. Nilikuwa nalia, na niliona aibu kumwambia arudie ni ipi kati ya hizo mbili.

Nilisubiri hadi baada ya kumzika. Nikasimama mbele ya mlango wake, mchana, bila ngoma, nikaimba njia ya chini. Korongo, kisima, minyaa, mlango. Kila mahali nikauliza, "Umefika?", nikajivumia mwenyewe. Shangazi yake kaka alikuwa ameshafariki, na hakukuwa na mwingine mwenye haki ya kufunga. Mimi sikuthubutu kupiga kigelegele. Nilisubiri tu pale mlangoni, kisha nikaondoka, na tangu hapo silali vizuri upepo ukitoka mawio.

Miaka mingi baadaye binamu yangu, ambaye naye ameshakufa, aliniambia nimekosea. Alisema mama mkubwa siku zote alikuwa akimtuma kaka kwa njia ya juu, kwa sababu korongo lilimchukua mbuzi wao mwaka fulani akaliogopa. Kama ni kweli, nilimwita kwa njia ambayo mama yake alimkataza.

Kwa hiyo naomba. Ninyi ambao bibi zenu walikuwepo, mkiona nimepotosha, niambieni. Kama kuna mahali nimeparuka kati ya Kidete na Ihumwa, nisahihisheni. Kama sauti ya kwanza haikuwa yangu, hilo pia niambieni, ingawa sidhani. Lakini zaidi ya yote nisahihisheni juu ya njia, kama ni ya chini au ya juu, na mfanye upesi, kwa maana nimebaki peke yangu ninayeijua iliyosalia.