Mguu wa Kwanza Mlangoni

Enzi zetu, wenzangu, mlango ulikuwa wa kuzuia mbuzi, si watu. Kule Tukuyu mvua ilinyesha mpaka nguo zikaota ukungu kambani, na bado asubuhi ungesikia "hodi" kabla kuni hazijashika moto. Mama yangu, Tusajigwe, hakuwahi kuuliza ni nani. Alijibu "karibu" huku anapuliza jiko, halafu ndipo anainua macho kuona amemkaribisha nani. Sisi watoto, mimi, Subilaga, Bupe, Anyitike wa mama mdogo, na Gwakisa aliyelia hata akitazamwa, tuliwapenda wageni kwa sababu ya tumbo. Mgeni akija, mkate wa mahindi mabichi uliofichwa darini unashuka, unapashwa moto. Umefungwa kwa majani ya mgomba, na ukiufungua, mvuke unakupiga usoni na harufu ya shamba lililonyeshewa. Baba alitukonyeza na kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tulidhani wenyeji wa kupona ni sisi, na ugonjwa wenyewe ni njaa.

Tulipokuja Toronto, mimi na mume wangu Ambakisye, kuishi na mwanetu Lusajo hapa Flemingdon Park, kilichonishinda si theluji. Ni milango. Ghorofa ya tisa, korido ndefu, milango imefungwa huku na huku. Harufu ya mboga za watu inapita chini ya mlango, watu wenyewe huwaoni.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Bi Hoa, mama wa Kivietnamu, mwenzangu kwa umri. Asubuhi moja ya baridi nikanusa majani ya mgomba yanayochemka. Jamani, nilisimama pale koridoni kama mtu aliyeitwa na marehemu mama yake. Nikapiga hodi, nikasukuma mlango kama nilivyolelewa, nikaingia.

Nyumba nzima ikanigeukia. Binti yake, Lan, akashika mdomo. Kumbe ilikuwa siku ya mwaka mpya wao, na kwao mtu wa kwanza kuvuka kizingiti asubuhi ile ndiye anayeleta mwaka mzima. Akiwa na mguu mwema, mtashiba; akiwa na mkosi, mtaugua. Mtu huyo huchaguliwa na kuombwa mapema. Wao walikuwa wanamngoja bwana mmoja mwenye duka lake. Akaingia bibi wa Kinyakyusa, kanga kiunoni na kandambili miguuni!

Bi Hoa akanitazama, kilemba mpaka kandambili. Akauliza kwa Kiingereza kile chetu cha kuokoteza, "Una mume?"

"Ninaye. Ambakisye."

"Watoto?"

Nikawataja. Lusajo, Atupele, Ipyana, Asegelile, nani kamfuata nani, nani kaolewa wapi, na wajukuu wote kwa majina. Lan alitafsiri mpaka akachoka. Bi Hoa akaanza kucheka. "Huyu anatosha," akasema. "Hata akitugawia nusu." Nikakalishwa, nikapewa mkate wa mchele uliofungwa kwa majani, mraba kama tofali, ndani una maharage na nyama ya nguruwe. Mwaka ule Lan akapata mtoto aliyemsubiri tangu aolewe. Basi, nikawa mguu wao. Kila mwaka mpya ukikaribia, Bi Hoa alinipigia simu jioni: "Mama Lusajo, lala mapema, kesho una kazi."

Tukikaa, alinisimulia kwao, kijiji cha kando ya mto karibu na mji wa Hue. Siku ile ya mwaka mpya watoto walikalishwa mkekani, yeye na dada zake Cuc na Mai, wasije wakakimbilia kwa jirani na kuwapelekea mkosi. Kaka yao Minh alikuwa mtoro, baba akamfunga nguzoni kwa mkanda.

"Angekuwa kwetu," nikamwambia, "angekula kila nyumba mpaka alale njiani."

Wajukuu wetu walikaa pembeni na simu zao. Watoto hawa mtu anafika mlangoni kabisa, halafu anatuma meseji: nipo nje. Mkono wa kubisha anao, lakini umeshika simu.

Mwaka jana, kabla ya Krismasi, Ambakisye wangu akafariki. Desturi ya Bi Hoa nilikuwa naijua sasa: mwenye msiba haingii nyumba ya mtu siku ile. Hakuna aliyeniambia nisiende. Ila jioni ya kuamkia mwaka mpya wao simu haikulia, nikaelewa.

Asubuhi nikakaa kwenye kochi na nguo zangu nyeusi. Mjukuu wangu Tumpe akasema, "Bibi, si uende tu? Hayo ni mambo ya imani."

"Imani ya mtu ni jiko lake," nikamwambia. "Hulipigi teke kwa kuwa wewe hupiki hapo." Naye Bi Hoa alikuwa ametoka hospitali, moyo wake mbovu. Ningempelekea mwaka wa namna gani? Lakini niliogopa. Kwa umri wetu, mlango ukikaa mwaka mzima bila kufunguliwa, huenda usifunguliwe tena.

Harufu ya majani ikaja chini ya mlango. Ikafuata sauti ya fimbo, ko, ko. Halafu: "Hodi! Hodi, Mama Lusajo!"

Tumpe akatazama simu yake kuona ni nani katuma meseji. Mimi nikajibu "karibu" kabla sijafikiri, kama Tusajigwe.

Alikuwa Bi Hoa, katika gauni lake jekundu la mwaka mpya, Lan nyuma yake ananong'ona, "Mama, leo si vizuri, kuna msiba humu." Bi Hoa akavuka kizingiti. "Mwaka huu mguu ni wangu," akasema.

Nikamtazama, kichwa mpaka miguu. "Una watoto?"

Akacheka, halafu akawataja. Lan. Tuan, aliyebaki kaburini kule kwao. Kisha akaendelea bila kuulizwa: Cuc, Mai, Minh mtoro.

"Huyu anatosha," nikasema. "Hata akitugawia nusu." Na hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu tumzike Ambakisye. Kumbe baba aliposema mwenyeji apone, hakuwa anazungumzia njaa.

Siku hizi milango ina kufuli mbili na tundu la kuchungulia. Wa kwetu naufungua asubuhi, nauacha hivyo. Lusajo analalamika, "Mama, hapa ni Toronto!" Najua ni Toronto. Lakini Bi Hoa fimbo inamlemea, na mkono mwingine amebeba mkate. Asije akakuta pamefungwa.