Siku Nilimupeleka Mama Sifa ku Bariyeri

Nakumbuka ule mwaka tulikula bugali ya muhogo wenye kulala mu maji siku moja tu, chungu mpaka mu masikio. Muhogo unaomba siku tatu ao ine, lakini vita ilikuwa inatukimbiza, na ukiuacha mu muto, wengine wanaubeba. Njo mwaka wa kosa langu, hapa hapa mu kijiji chetu cha Ntoto.

Mwanangu, tangu asubui unazunguka hii nyumba na panga mu mukono, kama kuku mwenye kutafuta pa kutaga. Unataka nikwambie nani alikata ndizi zetu, ukimbie kumutaja ku bariyeri, pale watu wa bunduki wamefunga njia. Nilimuona na haya macho. Lakini kwa watu wa bunduki, jina sitoi. Kaa nikuelezee. Ao simama, hata mimi sijatulia.

Nilikuwa mama wa mutoto mumoja, mulimaji hodari, muulize yeyote, na mudomo mukali. Siku ile nikakuta muhogo wangu hauko tena mu maji. Nikafuata matone mu njia mpaka kwa jirani, Mama Sifa. Nikamukuta mikono myeupe kwa muhogo. Sikuenda kwa wazee. Niliwaza: wazee watazungumuza mpaka jua liingie, mimi nataka aumie leo. Nikaenda ku bariyeri, nikataja jina lake. Ilikuwa rahisi kama kutema mate.

Walikuwa na shimo lenye maji. Wakamutia mule, bila kumuuliza kitu. Muhogo wangu wakauchukua kwake, wakaula wao.

Mama mukwe wangu hakupiga kelele. Akaniambia: “Umewaonyesha mulango wa kijiji. Kesho wakimutaka mutoto wako, utawaambia nini?”

Wazee wakaenda kukaa chini mbele ya bariyeri, siku mbili, kimya, mpaka komanda akachoka na macho yao. Mama Sifa akatoka miguu imevimba, hawezi kusimama. Papa Bahati, mukubwa wa baraza, akanigeukia.

“Mwenye kumuleta huku njo wewe. Inama.”

Nikamubeba mugongoni, watu wote wakituangalia. Akaniambia mu sikio: “Mama Neema, mifupa yako inanichoma.”

“Ungeniachia muhogo, ningenenepa.”

Akacheka, kisha nikasikia machozi yake mu shingo. “Maziwa yalikauka, dada. Mutoto alikuwa ananyonya upepo.”

Nikamupandisha vizuri mugongoni, nikaendelea kutembea.

Ku baraza kila mumoja akasema mwingine akisikia. Yeye akakubali wizi. Mimi nikakubali shimo. Wazee wakakata shauri: tuloweke muhogo pamoja, yeye aulinde wote, mimi nimulimie mpaka atembee. Nilimulimia misimu miwili. Kidole kimoja cha muguu wake hakikupona. Nakiona kila siku ya Mungu mu kanisa, mu sandale yake.

Mwanangu, mwenye kukukosea umukalishe mbele yako, mbele ya wazee. Umwambie, na umusikie, hata kama damu inakuchemuka. Kisha atengeneze kwa mikono yake. Ukimutia mu shimo, nani atatupandia migomba ingine? Ku baraza nitamutaja mimi mwenyewe, uso kwa uso.

Weka panga chini. Mungu akuongezee miaka, akupe shamba lenye kuzaa na jirani mwenye kukuitika. Nuna unavyotaka, kataa hata chakula changu. Kwa watu wa bunduki, jina sitoi.