Kiti cha Jirani

Juzi nilipeleka betri ya gari kuchajiwa, na ile harufu kali ya asidi ikanirudisha mtaani kwetu Bahati, kwenye televisheni yetu iliyotumia betri.

Kila wiki majirani walijaa sebuleni kutazama vichekesho. Kila mmoja alikuja na kiti chake, akakiacha kwetu, kikawa ndiyo nafasi yake. Wachekeshaji waliigiza lafudhi za makabila yote, nami nikawaiga. Mzee wa ng'ambo ya ua ndiye aliyecheka zaidi nilipoiga lafudhi ya kwao. "Hebu rudia, kasichana!" alikuwa akiniambia, huku anapangusa machozi.

Wiki ile ya baada ya kura, watu walipoanza kufukuzwa majumbani kwa ajili ya kabila lao, alikuja yeye peke yake. Nikaiga kama kawaida. Hakucheka. Alinitazama sana, akainuka, akabeba kiti chake.

"Mama, leo naenda na kiti yangu," alimwambia mama.

"Si utarudi nayo wiki ijayo?"

"Huyu mtoto asiongee hivyo huko barabarani."

Alipotoka, mama alitazama pale mahali palipobaki wazi. Akazima televisheni, watu wa mle kwenye kioo wakiwa bado wanacheka, akaniambia, "Vaa viatu."